Vijana na kula wadudu: takwimu za protini haziondoi kinyaa, wala aibu

Mpishi Kijana (mleta uzi)

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana kila likiletwa linageuzwa mzaha na wenye hoja wanakimbia.

Nawazungumzia vijana, wale waliomaliza sekondari mpaka wa miaka thelathini na kitu, na jinsi wanavyompokea mdudu akiwekwa mezani kama chakula. Kupika ndiyo riziki yangu na wengi ninaowapikia ni wa umri huo, kwa hiyo sura zao nazijua. Nimesoma pia yaliyoandikwa na watafiti. Ninachoona ni kwamba wanaotaka kuwashawishi vijana wanabisha hodi nyumba isiyo yenyewe. Wanamletea takwimu za protini na mazingira mtu ambaye hajawahi kuzibishia. Anachokataa yeye ni ile miguu sita iliyolala kwenye sahani.

Takwimu zenyewe ni nzuri, nizitaje tuzimalize. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti kubwa iliyoongozwa na Arnold van Huis wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Ilitaja zaidi ya spishi 1,900 za wadudu wanaoliwa duniani. Nyenje wa kufugwa anakula kama kilo 1.7 ili aongeze kilo 1 ya uzito. Kuku anahitaji kama kilo 2.5, nguruwe 5, ng'ombe 10. Halafu nyenje analiwa karibu wote, asilimia 80 hivi ya mwili wake, wakati ng'ombe inaliwa asilimia 40 tu. Kuna na ile ya "watu bilioni 2 wanakula wadudu" ambayo kila mtu anaikariri. Hiyo msiiegemee sana, watafiti waliokuja baadaye wameitilia shaka, van Huis mwenyewe akiwemo.

Sasa mwambie hayo kijana yeyote aliyesoma kidogo. Ataitikia yote, atasema wazo ni zuri kwa dunia. Kisha msogezee bakuli uone mkono unavyorudi nyuma.

Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, aliwahi kufanya jaribio ambalo mimi naliona ndilo moyo wa jambo hili lote. Alichukua mende aliyekufa, aliyetakaswa vijidudu vyote kabisa, akamchovya kwenye glasi ya juisi mbele ya watu, akamtoa. Watu waliikataa juisi ile ingawa walijua fika haina madhara. Ndivyo kinyaa kilivyo. Hakiulizi kama kitu ni salama, kinauliza kimegusana na nini. Na hatuzaliwi nacho kwa namna hiyo: mtoto mdogo hutia mdomoni chochote anachookota, na anajifunza kukunja pua kwa kutazama nyuso za wakubwa. Kijana wa miaka ishirini na mbili ameshatazama nyuso hizo miaka ishirini. Mnadhani mchoro wa kwenye karatasi utamtoa huko kwa dakika moja?

Watafiti wana kipimo cha woga wa vyakula vipya, kilitengenezwa na Patricia Pliner na Karen Hobden mwaka 1992, kina maswali 10 tu. Tafiti nyingi zilizokitumia zinaonyesha kwamba woga huo unatabiri nani atakataa wadudu vizuri zaidi kuliko anachojua au asichojua mtu kuhusu lishe. Wim Verbeke aliwahoji walaji wa nyama 368 huko Ubelgiji na kuchapisha mwaka 2015. Takriban mmoja kati ya watano alisema yuko tayari kula wadudu badala ya nyama. Waliokuwa tayari zaidi ni wanaume, vijana, wasioogopa vyakula vigeni, na wale ambao tayari walikuwa na mpango wa kupunguza nyama. Kwa hiyo ujana unasaidia, lakini ni ujana wa aina fulani.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Ujerumani, likachapishwa mwaka 2018. Watu walipewa nafasi ya kuonja chokoleti ndogo zilizotiwa mabuu ya mbawakawa wa unga. Kabla ya hapo wengine walionyeshwa tangazo linalosema wadudu ni wazuri kwa afya na mazingira, wengine tangazo linalosema ni watamu na ni starehe. Walioambiwa habari za utamu ndio walioonja zaidi. Someni tena hapo. Ile hoja tunayoiona ndiyo nzito kuliko zote, ya kuokoa dunia, ilishindwa na neno "tamu".

Mimi kama mpishi sishangai. Hakuna anayekula kitu miaka thelathini kwa sababu ni wajibu wake.

Kuonja mara moja nako si kula. Siku hizi kijana atatafuna nge mbele ya kamera, wenzake watapiga kelele, video itazunguka, na kesho hatamgusa tena. Jonas House alifuatilia Uholanzi watu walionunua bidhaa za wadudu zilizokuwa zikiuzwa madukani, akaandika mwaka 2016. Kilichowafanya wajaribu ni udadisi na mazingira. Kilichoamua kama watarudia ni mambo yale yale yanayoamua chakula kingine chochote: bei, ladha, kama kinapatikana, na kama kinaingia kwenye mapishi waliyoyazoea. Bidhaa ikiwa haina ladha na ni ghali, nia njema inaisha kwenye pakiti ya kwanza.

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma. Mjadala huu huwa unaendeshwa kana kwamba kijana wa dunia nzima ni yule ambaye hajawahi kuona mdudu akiliwa. Kuna mamilioni waliokua wakimla! Oaxaca, Meksiko, panzi hukaangwa na chumvi, ndimu, pilipili na kitunguu saumu. Thailand nyenje wanafugwa, ripoti ile ya FAO ilitaja mashamba kama 20,000. Viwavi wa mti wa mopane kusini mwa Afrika, senene na kumbikumbi kuzunguka Ziwa Viktoria, pupa wa nondo wa hariri Korea, panzi wa mashamba ya mpunga Japani. Vijana waliotoka kwenye meza hizo wakihamia mjini wengi wanaacha kimya kimya. Hawaachi kwa sababu ladha imewachosha. Wanaacha kwa sababu wameambiwa ni chakula cha njaa na cha watu wa nyuma.

Wakati huo huo mpishi René Redzepi alipoweka sisimizi juu ya chakula kwenye mkahawa wa Noma, Copenhagen, Denmark, na mpishi Alex Atala alipoweka sisimizi wa Amazon juu ya kipande cha nanasi kule São Paulo, Brazili, dunia iliita ubunifu. Atala mwenyewe hakuficha kwamba ladha ile alifundishwa na wenyeji wa Amazon. Sisimizi wa bibi na sisimizi wa hoteli ni walewale. Kilichobadilika ni nani kashika sahani, na kijana analiona hilo haraka sana.

Karibuni. Wenye uzoefu na wanaopinga, wote naomba mfunguke.

---

Neema wa Bweni

Mkuu mleta uzi, hapo kwenye aibu umenigusa penyewe. Mimi nimekula kumbikumbi tangu utotoni na nawapenda mpaka kesho. Nilipofika chuo, nyumbani walinitumia kopo limejaa. Nilikuwa nakula usiku wenzangu wakilala. Mmoja akaja akaona, akapiga picha, akaweka kwenye kundi la darasa. Sikutukanwa, walicheka tu, lakini nililia. Sikuomba tena kutumiwa.

Kinachonishangaza ni kwamba yule yule aliyepiga picha anakula kamba na kaa bila shida yoyote.

Mpishi Kijana

Pole sana dada Neema. Na asante kwa kusema, kuna wengi wanasoma hapa kimya wenye kopo kama lako.

Hapo kwa kamba ongezea hili: kamba, kaa na wadudu ni ukoo mmoja, wanyama wa viungo vingi na gamba la nje. Wanabiolojia siku hizi wanawaweka wadudu ndani kabisa ya tawi la jamii ya kamba. Mtu anayemenya kamba, anamng'oa kichwa, anautoa ule mstari mweusi wa utumbo mgongoni halafu anamla kwa raha, hana sababu ya kimwili ya kumkimbia panzi. Anayo sababu ya malezi tu. Siidharau hiyo sababu, ila tuiite kwa jina lake.

Mkweli Mchungu

Mimi napinga, na nitasema kwa nini. Kila ninapoona matangazo haya naona matajiri wakila nyama ya ng'ombe huku wakituambia vijana tusio na kitu tuzoee wadudu. Nani aliwauliza vijana? Halafu wanasaga unga wanatia kwenye biskuti, mtu anakula bila kujua. Huo ni ukosefu wa heshima.

Mpishi Kijana

Ndugu Mkweli, kwenye kuficha niko upande wako asilimia mia. Kumlisha mtu kitu asichokijua ni kuvunja uaminifu, na akishagundua hatakuamini tena hata ukimpa wali mweupe.

Ila sheria zinakataza hilo pale zilipo. Umoja wa Ulaya uliidhinisha mabuu makavu ya mbawakawa wa unga mwaka 2021, nzige wakafuata mwishoni mwa mwaka huo, nyenje wa kufugwa mwaka 2022. Kila idhini inadai jina la mdudu liandikwe kwenye pakiti, pamoja na onyo la mzio. Singapore nayo iliruhusu spishi 16 mwaka 2024 kwa masharti yake. Na sehemu kubwa ya ufugaji mkubwa wa wadudu unaopata mitaji, hasa wa nzi askari mweusi, unalenga chakula cha samaki, kuku na wanyama wa kufugwa majumbani.

Wasiwasi wako wa tabaka lakini ni wa haki, sitaupuuza. Ukimwambia kijana asiye na uwezo "kula hiki kwa sababu kile huwezi kukinunua", umeshamtukana kabla hajaonja. Ndiyo maana nasema wadudu wakiletwa waletwe kama kitu kizuri, ambacho hata mwenye nyama jikoni angekitaka. Kule Meksiko mabuu na pupa wa sisimizi wanaoitwa escamoles ni chakula cha gharama tangu zama za Waazteki, hakuna anayewaonea huruma wanaowala.

Mla Majani

Swali langu ni fupi. Kama shida ni protini na mazingira, kwa nini tusile maharage, dengu na kunde tukamaliza? Hakuna mtu anayeogopa dengu.

Mpishi Kijana

Uko sahihi. Anayekuambia wadudu ndiyo njia pekee ya kuokoa sayari anakudanganya. Kwa mtu ambaye amezoea jamii ya kunde na anapata mlo kamili, sioni sababu ya kumsumbua. Wadudu wengi wana madini ya chuma na zinki, na baadhi wana vitamini B12 ambayo kwenye mimea haipo kwa kiwango cha kutegemewa, hilo ni la kulifikiria kwa asiyekula nyama wala mayai. Lakini hoja yangu haikai hapo. Mimi nataka wanaokula wasiaibishwe, na wanaotaka kujaribu wapewe kitu kilichopikwa vizuri.

Mwanafunzi wa Dini

Wakuu kuna vijana wengi wanakataa wakidhani dini imekataza moja kwa moja, tuliweke sawa. Kwa Waislamu nzige ni halali, ipo hadithi mashuhuri inayowataja nzige pamoja na samaki kuwa mizoga miwili iliyohalalishwa. Wadudu wengine wanazuoni wametofautiana, wa madhehebu ya Maliki wakiwa wepesi zaidi kuliko wengine. Kwenye Biblia, Mambo ya Walawi 11:22 inaruhusu nzige na panzi wa aina zake, na Yohana Mbatizaji katika Mathayo 3:4 alikula nzige na asali ya mwitu. Kila mtu amuulize mwalimu wake, ila mlango haujafungwa wote.

Nesi wa Zamu

Naongezea la afya maana vijana wanapenda kujaribu bila kuuliza. Mwenye mzio wa kamba, kaa au wa vijidudu vya vumbi la nyumbani asiguse wadudu bila kumwona daktari. Protini zinazosababisha mzio huo zinafanana, na kupika peke yake hakuziondoi. Pili, msiokote wadudu porini kiholela. Nzige waliopuliziwa dawa za kuua wadudu wanabaki na sumu mwilini. Tatu, si kila mdudu anayeliwa ni salama kwa kila mtu: Nigeria kuna viwavi wa nondo aitwaye Anaphe venata wenye kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na watu wenye lishe duni waliowala kwa wingi walipata kutetemeka na kuyumba wakitembea.

Na kwa wanaosema hawajawahi kula mdudu: rangi nyekundu iitwayo E120 inatokana na mdudu anayeishi kwenye dungusi kakati, imo kwenye baadhi ya peremende na maziwa ya mtindi. Miongozo ya Marekani inahesabu siagi ya karanga kuwa na kasoro pale tu vipande vya wadudu vinapofika wastani wa 30 au zaidi kwa kila gramu 100. Mnawala tayari.

Mpishi Kijana

Asante sana nesi, hayo ya mzio naomba kila anayepita ayasome. Hilo la mwisho ni kweli tupu, ila nimeona halimbadilishi mtu. Kijana akiambiwa "umeshakula" anakasirikia siagi ya karanga, hampendi panzi.

Tausi Mdadisi

Kaka mimi sijawahi kula, sina mzio wa kitu, nina miaka ishirini na nne na nataka kujaribu kwa nia njema. Ila naogopa nitatapika mbele za watu. Nianzie wapi? Nianze na unga uliosagwa kwanza?

Mpishi Kijana

Dada Tausi, unga ni njia inayopendekezwa na wengi, na tafiti nyingi zinaonyesha watu hukubali haraka kile wasichokiona umbo. Kwa hofu yako ya kutapika, biskuti au mkate wenye unga wa nyenje ni mwanzo salama. Hasara yake ni kwamba unga hauna mvuto wowote. Utamaliza useme "kumbe hakuna kitu", na hutarudi. Wengi wamekwama hapo.

Mimi ningekupikia hivi. Nyenje au panzi wa kufugwa, kutoka kwa mfugaji anayejulikana. Mabawa yanatolewa, na ile miguu ya nyuma mirefu inavunjwa kwenye goti na kutupwa. Hiyo miguu ndiyo adui yako, ina vijimiba vinavyokwaruza koo, na wengi wanaosema "nilikula nikatapika" walipewa wadudu ambao hawakusafishwa. Wanachemshwa kwanza, wanachujwa, kisha wanawekwa kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, unakoroga bila kuondoka. Mwanzoni jiko litanuka kama nyasi mbichi. Vumilia. Maji yakishakauka harufu inageuka, inakuja ile ya karanga zinazokaangwa, na ukitikisa kikaango wanagongana kama kokoto. Hapo ndipo unatia mafuta kidogo, chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, unamaliza na ndimu. Mdudu aliyeiva sawasawa anavunjika jinoni, hafinyiki. Akifinyika rudisha jikoni, usimtafune kwa kujikaza.

Usile mbele ya watu wanaokusubiri na simu mkononi. Kaa na mtu mmoja ambaye amemla tangu utotoni na anamla kwa raha zake, hata Neema hapo juu akikubali. Mtazame anavyokula, ongeeni mambo mengine, na ukitaka chukua mmoja. Usipotaka, acha, ule kingine kilichopo mezani, na asikulazimishe mtu.

Neema wa Bweni

Mimi nipo tayari. Dada Tausi nitumie ujumbe. Nimempigia mama, kopo linakuja.